Mti Wenye Alama

"Beberu mzima nimekupa, Mazengo! Beberu mzima, na kushoto kwangu bado hakuna kitu!"

"Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo utaipata ukinitibu!"

Melkiori alifoka uani kwa mganga, jua likizama nyuma ya pori la Rungwa. Wiki ile walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, alianguka mtini akitundika mzinga wa nyuki, kichwa kikapiga jiwe. Tangu siku hiyo upande wake wa kushoto ulitoweka. Tabibu wa zahanati alimpima macho na masikio, akasema mazima. Mazima gani? Alinyoa shavu moja akaona amemaliza. Raheli, mkewe, akimwita kutoka kushoto, yeye aliujibu ukuta wa kulia. Alikula nusu ya ugali akamfokea kwamba anamnyima. Raheli akaizungusha sahani.

Ugali ukaonekana.

"Ulitundika kwenye mti wa mtu, wenye alama yake," alisema Mazengo.

"Alama ya zamani! Miti yote sasa ni ya kijiji. Wenyewe walihamishwa."

"Huyu hakuhamishwa. Kaburi halipandi lori."

Melkiori alitema mate. "Mtu mzima unanitisha na maiti? Lete dawa au lete beberu wangu!"

Kuku waliacha kupekua. Ikaja harufu ya asali... asali iliyooza, na udongo mbichi.

"Niko hapa."

Mnong'ono ulitoka kulia. Melkiori akageuka upesi. Ua mtupu. Mwili ukamsisimka, kwani alikwisha kujua masikio yake yanavyomdanganya. Asiyeonekana kulia yuko kushoto.

Basi akafanya kama Raheli na sahani. Alijizungusha mwenyewe, polepole, duara zima. Jiko. Boma la ng'ombe. Njia. Mazengo, amejibana ukutani, macho yamekodoka juu ya bega la kushoto la Melkiori.

"Acha kugeuka, mwanangu," alinong'ona. "Ukigeuka... kinageuka nawe."

Pumzi baridi ikampiga shavuni. Shavu lipi, hakujua.

Mtu mwingine angekimbia. Melkiori alipandwa na hasira hadi mishipa ya shingo ikasimama. Akaukazia macho ule ua mtupu wa kulia, sauti ilikotokea.

"Sikia wewe. Mti wako chukua. Mzinga chukua, na nyuki wake. Mimi nilikosea mti, sikukukata mkono. Upande wangu si asali ya kurina."

Akanyoosha kiganja.

"Nirudishie. Leo."