Njiwa wa Nane na Pafu la Babu

Ndugu wasomaji, mimi, Umulkheir binti Fahim, mtafiti mashuhuri wa mapafu, nawaletea habari nzito ya afya. Nisikilizeni kwa makini. Katika mtihani wa biolojia nilipata alama ishirini na tisa kwa mia.

Tunaishi mtaa wa Nakivubo, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Babu yangu, Maalim Maftah, anafundisha Kurani. Bibi Shamsia anashona kofia. Babu alifuga njiwa wanane katika chumba kidogo kando ya kitanda chake. Kila asubuhi alifagia mavi yao makavu, vumbi likapaa. Dirisha alilifunga ili paka asiingie.

"Njiwa ni baraka ya nyumba," alisema.

Mwaka huu alianza kukohoa kikohozi kikavu. Ngazi zilimshinda. Aya aliyozoea kuisoma kwa pumzi moja sasa aliikata mara tano. Siku moja alifunga msahafu mbele ya wanafunzi.

"Labda nimwachie darasa mtu mwingine," alisema.

Bibi alimpa tangawizi na asali. Kesho yake, tangawizi tena.

"Babu, utaota mizizi," nilisema.

"Nyamaza, mtovu wa adabu wee!" bibi alinikemea.

Jirani yetu Nerima ni muuguzi kutoka Bungoma. Anafanya kazi hospitali ya Mulago, kwenye kliniki ya kifua. Alikuja kuomba chumvi, akamsikia babu.

"Maalim, kikohozi hiki kina muda gani?"

"Miezi sita, mwanangu. Ni uzee."

"Uzee haukohoi, Maalim. Kesho tunakwenda wote kliniki."

Babu alipigwa picha ya mapafu. Daktari aliona makovu. Aliuliza mengi, na alipofika kwenye njiwa, akaacha kuuliza.

Nyumbani, Nerima alichukua kofia aliyokuwa akiishona bibi.

"Tazameni hivi vitobo. Pafu nalo lina vijumba vidogo vya hewa. Kuta zake ni seli zilizoshikana. Kila seli ina vishikizo vidogo sana, molekuli zinazoishika seli jirani."

"Kama uzi wangu," alisema bibi.

"Ndiyo, bibi. Sasa, vumbi la njiwa huwadhuru baadhi ya watu. Likiingia kila siku, seli za ulinzi hutoka kwenye damu. Zinanasa kwenye vishikizo, zinaingia pafuni kupigana. Vita visipokwisha, kazi ya vishikizo inavurugika. Vingine vinaachia, vingine vinakaza kupita kiasi. Mwili unashona kovu juu ya kovu."

"Mpaka vitobo vyote vinazibwa," alisema bibi polepole. "Kofia inakuwa ngumu kama bati."

"Na kovu linafumuliwa?" babu aliuliza.

"Hapana, Maalim. Lililoshonwa limeshonwa. Lakini tunaweza kumzuia fundi asiendelee. Utakunywa dawa. Na njiwa waondoke."

"Wote?"

"Hata mmoja asibaki."

Babu alikichungulia chumba cha njiwa. Kisha akaniambia niwapeleke kwa rafiki yake Tamim, mtaa wa Bugolobi. Niliwabeba mwenyewe kwenye kikapu. Babu alilala kwa shangazi siku tatu. Sisi tulivaa barakoa, tukakisugua chumba kwa maji, maana kufagia kukavu kunarusha vumbi.

Babu alirudi na nafuu. Baada ya wiki moja, akaanza kukohoa tena. Bibi alishika kichwa. Nerima alikuja.

"Dawa unakunywa, Maalim?"

"Sijakosa hata siku moja."

"Na njiwa walikwenda wote?"

"Wote," nilijibu upesi, kwa sauti ya kitaalamu.

"Kuu-kuu," lilisema sanduku langu la bati la shule.

Nerima alilifungua. Njiwa mweupe alimtazama.

"Banange, jamani!" alisema Nerima. "Umu!"

Ndugu wasomaji, nakiri. Kwa Tamim nilipeleka saba. Wa nane nilitaka kurudi naye bwenini likizo ikiisha, nimfiche kwenye droo ya mwalimu wa zamu, apae wakati wa paredi. Nilidhani njiwa mmoja si kitu. Nilikuwa nikimrusharusha ukumbini kila mchana, babu akiwa amelala.

Babu hakunipiga. Alinipa daftari na kalamu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Andika yote," alisema. "Kwa maneno mepesi. Nina watu wazima wanaojifunza kusoma."

Ndiyo haya mnayosoma. Njiwa wa nane naye amekwenda kwa Tamim. Makovu bado yapo, lakini kikohozi kimepungua. Ile aya sasa anaikata mara mbili tu, na darasa bado ni lake.

Na mtafiti mashuhuri yuko barazani, amevaa barakoa, anasugua sanduku. Kwa maji.