Bibi Aliazima Kidole Changu

"Damu hiyo si yangu, daktari. Ni ya huyu hapa!"

Bibi yangu mzaa mama... aliyenibeba mgongoni... akaninyooshea kidole mbele za watu!

Wasomaji wangu, kaeni. Mimi nilikaa bila kupenda.

Shule ya bweni wananiita Mheshimiwa. Si kwa heshima. Ni kwa sababu naweza kutia chumvi kwenye chai ya mwalimu wa zamu, kisha nikaongoza kamati ya kumsaka mhalifu.

Nyumbani hali ni ile ile. Likizo ilipoanza, Mama alinisihi nikapime afya, eti nakunywa maji kama nimetoka jangwani. Nikaigiza kuzirai mlangoni. Akaniacha.

Siku hiyo asubuhi Bibi akaniita chumbani kwake kwa sauti ya kinyemela.

"Mume wangu, funga mlango."

Nikafunga.

"Jana nimekula keki. Yote."

"Bibi!"

"Shusha sauti! Mama yako yuko ukumbini anasubiri namba."

Bibi ana kisukari. Kila asubuhi hujitoboa kidole, hudondosha tone la damu kwenye kijimashine, kisha humwonyesha Mama. Namba ikipanda, Mama huhutubia mpaka majirani wananyanyuka vitandani.

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Niazime kidole."

Jamani! Ombi zuri kiasi hicho sijawahi kupewa na mtu mzima. Akatoa sindano mpya. Nikanyoosha kidole kama shujaa anayeimwagia nchi damu.

"Damu ya kijana hiyo, Bibi. Maji ya mvua! Mama ataimba."

Kijimashine kikafikiri... kikalia.

Kumi na tisa.

Bibi mwenyewe, hata akivunja masharti yote, hajawahi kufika huko.

"Kimeharibika," nikasema.

Nilisubiri acheke. Hakucheka. Akaifuta damu kidoleni mwangu taratibu, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Akakohoa kwa nguvu. Mama akaingia.

"Kumi na tisa?! Mama, unataka kutuachia kilio?"

Ndani ya teksi ya kwenda hospitali nilitaka kusema ukweli. Nikaogopa hotuba ya Mama. Halafu ile kiu... nikaikamata chupa ya maji ya Bibi na kuimaliza yote. Bibi alinitazama nikinywa. Kisha akanishika mkono. Ajabu, eti mgonjwa ndiye anayenishika mimi!

Hospitali wakampima upya.

Saba.

Daktari, mama mwenye miwani minene, akatutazama mmoja mmoja.

"Nyumbani kumi na tisa, hapa saba. Nani ananidanganya?"

Na hapo ndipo Bibi alipoinua kile kidole.

Mama akanigeukia polepole. Nikajitetea mbio mbio.

"Daktari, nilikuwa nimetoka kula mkate na jamu! Vidole vilinata! Ni jamu, si mimi!"

"Inawezekana," akasema. "Sukari ya kidoleni huharibu kipimo. Kanawe."

Wenzangu, sijawahi kunawa vile. Nilisugua kila kucha. Nilimwomba Mungu iwe jamu.

Nikainua macho kwenye kioo, nikaiona shingo yangu.

Ule weusi. Matroni wa bweni alinirudisha bafuni mara nyingi: "Mheshimiwa, shingo chafu!" Nilisugua mpaka kwa brashi ya viatu. Haukutoka. Tulicheka. Wenzangu pia walinitawaza kuwa mlinzi wa choo, kwa jinsi nilivyokesha huko nikikojoa. Tulicheka sana.

Sasa nilikuwa peke yangu na bomba linalotiririka, na hakuna aliyecheka.

Nikarudi. Kidole kingine. Kijimashine kikafikiri...

"Kumi na saba," daktari akasema.

Mama akakaa sakafuni.

"Nitakufa?" Sauti iliyonitoka ilikuwa ya mtoto wa chekechea.

"Si leo. Damu nyingine tutaipeleka maabara, na dawa utaanza. Unakula nini, kijana?"

"Mkate mweupe. Chai ya sukari. Wali. Biskuti za sandukuni. Soda."

"Mboga? Maharage?"

"Shuleni tunawaachia wanafunzi wadogo."

"Halafu?"

"Halafu tunakaa darasani."

Akavua miwani.

"Kengele ya shule ikilia, mnainuka?"

"Tunainuka."

"Ikilia kutwa nzima?"

"Hakuna atakayejali."

"Ndiyo hali ya mwili wako. Wanga uliokobolewa hugeuka sukari upesi. Kila ukila, mwili hupiga kengele inayoitwa insulini, ili chembe hai zake zifungue mlango sukari iingie. Wewe umeipiga kutwa, kwa miaka. Zimeacha kuitika, na sukari imebaki kwenye damu. Huo weusi wa shingoni ni dalili mojawapo. Na kwenu mnarithishana."

"Mbona Bibi alianza kuumwa uzeeni?"

Bibi akajibu mwenyewe. "Sisi nafaka tulikula na maganda yake, na tuliilima kwa mgongo. Mimi nimeugua baada ya kuja mjini kukaa kwenye kochi. Wewe umezaliwa kwenye kochi."

Hata Mama alicheka, machozi yakimtoka.

Tuliporudi, nikafungua kabati la Bibi kutafuta shali yake. Nikakuta keki.

Nzima. Haijakatwa hata kipande!

"Bibi... hii si ndiyo uliyokula?"

"Nani kala?" Akajifunika shuka taratibu. "Nimeiona shingo yako. Nimekusikia ukienda chooni usiku kucha. Mama yako kakubembeleza, ukazirai mlangoni. Nilijua ukiambiwa kupima utakataa. Lakini hila, mume wangu... hila hujawahi kukataa."

Wasomaji wangu, Mheshimiwa alichezewa! Na kikongwe asiye na meno ya mbele!

Nilidhani kisukari ni cha watu wenye mikongojo. Wewe unayesoma hapa na soda mkononi, una kiu isiyoisha, shingo isiyotakata... usinitumie vicheko. Kanawe mikono, ukapime.

Siku hizi tunakaa wawili kitandani kwa Bibi, vidole viwili, Mama mlangoni. Mkate wa unga usiokobolewa unakwaruza koo, lakini nauzoea.

Kijimashine kikianza kufikiri, bado naogopa. Bibi hunishika mkono mpaka kilie.