Tope la Kwa Babu

Mwanabibi alikuwa anapepeta mchele uani. Mumewe, Shaabani, alikaa kwenye kigoda akinoa shoka. Alinoa kwa nguvu kama mtu aliyegombana na shoka lenyewe.

"Huo ndio mchele wa mwisho?" Shaabani aliuliza.

"Ndio huu. Umebaki mpunga wa mbegu kule juu ya jiko, na ule hauguswi na mtu," Mwanabibi alijibu. "Umesikia? Ule hauguswi na mtu!"

Nyumba yao iko Kikandaani, kijiji kilichomo ndani ya delta ya Rufiji, upande wa Kibiti. Msimu uliopita maji ya chumvi yaliingia shambani mwao. Mpunga ulitoa masuke, ukapendeza kwa macho. Walipovuna, ndani hamna kitu. Mapepe matupu! Ilibaki mbegu ya kutosha kupanda mara moja tu. Mbegu hiyo ikipotea, hawana mpunga tena.

Shaabani alikuwa na mpango wake. Alitaka kufyeka mikandaa, miti ya jamii ya mikoko, mahali panapoitwa Kwa Babu.

"Babu yangu Ismaily alilima pale," alisema. "Alivuna hadi akakosa pa kuweka. Hiyo mikandaa imekuja juzi tu. Nafyeka, nachoma, napanda."

"Mikoko haikatwi bila kibali, baba Muzdalifa. Kwani hujui?"

"Shamba la babu yangu, kibali cha nani?"

"Mama anatuita Mohoro kila siku. Shamba lake limelala, na maji yake ni matamu. Twende tukalime kule."

"Mie nikalime ukweni? Watu watasema Shaabani kaolewa!"

Mwanabibi alicheka, ungo nusura umponyoke. "Waache waseme. Utakuwa bi harusi mwenye ndevu."

Hata Shaabani alicheka. Hapo Mwanabibi angenyamaza, mambo yangeishia vizuri. Lakini aliongeza, "Na huyo babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa hadithi. Mpunga kwenye mikandaa? Nani aliuona?"

Shaabani aliacha kunoa. Babu Ismaily ndiye aliyemlea tangu alipofiwa na baba yake. Alimpenda kuliko mtu yeyote. Aliinuka, akaondoka. Mwanabibi alijua kuwa amekosea, ila mdomo ulikwisha kutangulia.

Kesho yake alifika mgeni. Alikuwa Consolatha, mtafiti kutoka chuo kikuu, mwenyeji wa Bukoba. Kiangazi kilichopita alikuja kuchimbua tope la delta, na Shaabani ndiye aliyempeleka Kwa Babu. Walizamisha bomba la chuma ardhini, wakalivuta pamoja. Tope lilitoka refu, limenyooka kama muwa. Siku ile Shaabani alimtania sana. "Dada, umeacha ndizi za kwenu kuja kuiba tope la wenzio?" Sasa Consolatha alikuwa amerudi na majibu.

"Karibu, dada. Keti jamvini," Mwanabibi alimpokea.

"Ahsante. Shemeji, hilo shoka la nini?"

Shaabani alimweleza yote. Consolatha hakucheka.

"Kabla hujafyeka, sikiliza kwanza tope limesema nini," alisema.

Alichuma ua la mboga ya maboga lililokuwa pale uani. Alilisugua kwenye kiganja cha Mwanabibi. Ulibaki unga wa njano.

"Unga huu unaitwa chavua," alieleza. "Kila mmea unaotoa maua una chavua yake. Ya mkandaa ina umbo lake. Ya msikundazi, mti mwingine wa huku delta, ina umbo lake. Kwa macho hivi huwezi kuzitofautisha. Kwa hadubini, kile chombo cha kukuzia vitu vidogo, unaona tofauti."

"Si huanguka ikaoza?" aliuliza Mwanabibi.

"Ua huoza. Chavua ina ganda gumu. Ikizama kwenye tope lisilo na hewa, hukaa hata maelfu ya miaka. Mto huleta tope jipya juu ya lile la zamani. Kwa hiyo la chini ni la kale, na la juu ni la karibuni. Mimi hupima umri wa kila tabaka, kisha hutazama chavua zilizomo. Nikikuta za mikandaa nyingi, najua palikuwa na maji ya chumvi. Nikikuta nyasi na misikundazi, je?"

"Maji matamu," Shaabani alijibu upesi. "Msikundazi haupendi chumvi kali. Hilo kila mtu hapa analijua."

"Basi wewe ni mtafiti mwenzangu, shemeji."

Shaabani alijaribu kuficha tabasamu, akashindwa.

Consolatha alichora mstari mrefu ardhini kwa kijiti. "Hapa chini ni zamani sana. Chavua ni za miti ya chumvi. Mvua za bara zilipungua, mto ukakosa nguvu, maji ya bahari yakapanda. Hapa juu yake, nyasi na misikundazi. Mvua zilirudi, mto ukaisukuma bahari. Halafu chumvi tena. Hali ya hewa ikibadilika, miti nayo hubadilika. Mto ukihama njia, ni vivyo hivyo. Tope linatunza kumbukumbu ya yote."

Shaabani aliutazama mstari ule kwa muda. Kisha aliuliza kwa sauti ya chini, "Na babu yangu?"

"Karibu na juu kuna tabaka jembamba," alisema Consolatha. "Lina chavua nyingi za jamii ya nyasi, pamoja na chembe za mkaa. Chavua ya mpunga na ya nyasi nyingine zinafanana mno, kwa hiyo siwezi kuapa kuwa ni mpunga. Lakini umri wa tabaka hilo ni wa ujana wa babu yako. Maji yalikuwa matamu, na kulikuwa na moto, kama wa kuchoma shamba. Ukiongeza maneno yake mwenyewe, mimi namwamini mzee."

Shaabani aliinama, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Nisamehe, baba Muzdalifa," alisema Mwanabibi. "Nilimsema vibaya marehemu, na nimekuumiza na wewe."

"Yamekwisha," alisema Shaabani. Mara akaruka, akalishika shoka. "Si nilisema mie! Basi nafyeka kesho!"

"Ngoja!" Consolatha alimpa kijiti. "Nionyeshe tabaka la babu. Juu yake kuna nini?"

Shaabani alichuchumaa. "Mikandaa."

"Na juu zaidi?"

"Mikandaa. Mpaka leo." Alikaa chini taratibu. "Mto ulihama. Chumvi ikarudi."

"Ndivyo. Mpunga wa babu ulistawi kwa sababu ya maji. Maji yale hayapo tena pale. Ukifyeka mikandaa, utapata tope la chumvi, na mbegu itakufa. Kaa na kamba nao watakosa makazi, na mawimbi yatakula ardhi."

Shaabani alishika kidevu. "Babu alikuwa anaonja maji kabla ya kupanda," alisema. "Anachota kwa kiganja, anaonja, anatema. Mie nilidhani ni mchezo wake tu."

"Angekuwa hai leo, angepanda wapi?"

Mwanabibi alitazama juu mawinguni, kama mtu asiyekuwepo. Shaabani alimwona.

"Usinicheke, mama Muzdalifa."

"Nimesema kitu?"

"Mohoro," alisema Shaabani. "Angekwenda Mohoro."

Mvua zilipokaribia, walibeba mbegu yao, wakahamia Mohoro kwa msimu. Shaabani alishuka kwanza mtoni, akachota maji, akayaonja. Ndipo alipokwenda kumsalimu mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe njia ya huku unaijua!" alisema Bi Mwajabu. Kisha alimkumbatia mjukuu wake, Muzdalifa, akawapakulia chakula.

Walilima, wakapanda. Shaabani alijenga dungu, kibanda cha juu ya nguzo, wakakaa humo kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Kule Kikandaani, mikandaa ya Kwa Babu ilibaki imesimama. Majirani waliotaka kufyeka nao walikwenda kuonja maji, wakayaweka chini mashoka yao.

Wakati wa mavuno ulipofika, masuke yalikuwa mazito. Mwanabibi aliyapikicha kiganjani, akapuliza. Mapepe yaliruka machache, punje zikabaki. Alicheka peke yake kwa furaha. Sasa walikuwa na chakula cha nyumbani na mbegu ya mwaka mwingine.

Wanawake wa Mohoro walikuwa wanavuna pamoja naye. Mmoja alimuuliza kwa kejeli, "Mwenzetu, kwa mumeo hawajui kulima, hata akufuate huku?"

Shaabani alikuwa anakuja na mzigo wa mpunga kichwani. Alisikia, akasimama nyuma ya mpunga uliokuwa haujakatwa.

"Wanajua tangu kwa babu yake," Mwanabibi alijibu. "Mzee Ismaily alilima palipo na mikandaa sasa. Tope lenyewe limemtolea ushahidi. Maji yamehama, na mjukuu wake ameyafuata kama angefanya yeye. Mie najivunia nimeolewa kwa watu wanaojua kulima."

Shaabani aligeuka, akazunguka njia ndefu na mzigo wake. Hakutaka wale wanawake wamwone analia.