Kitambaa Tumboni mwa Banjo

Kumbukumbu Na. 14/B: Ulinganishaji wa Milio ya Banjo za Mgongo Wazi Zilizotengenezwa kwa Mkono, Ukumbi Mdogo, Jumamosi, saa nane hadi saa kumi alasiri, pamoja na suala la nani atarudisha viti.

Ndivyo alivyoandika Wangari, katibu wa karakana ya jamii ya Blacktown, huko ughaibuni, mwanamke ambaye hata siku ya hukumu angeanza kwa kuuliza kama akidi imetimia. Ukurasa wa pili akaongeza: "Banjo namba tatu iliondolewa na mwenyewe. Sababu: unyevu." Basi siku hiyo jimbo zima lilikuwa chini ya marufuku ya moto kwa ajili ya ukavu, na nyasi za uwanjani zilikuwa zikivunjika chini ya viatu. Kama palikuwa na unyevu wowote, ulikuwa mgongoni mwa shati la Elkana Cheruiyot, mwenye banjo namba tatu.

Elkana alikuwa muuguzi katika nyumba ya wazee kule Campbelltown, safari ndefu ya treni, na njia nzima alikuwa akiwaza mbao. Banjo zake zilikuwa za kutazamwa: mti wa Tasmania uliokaushwa miaka mitatu, ngozi ya mbuzi iliyovutwa sawasawa, shingo laini kama kiwiko cha mtoto. Kila mwaka karakana iliweka pazia, na nyuma ya pazia Rufus, mwalimu mstaafu, alipiga wimbo uleule kwa kila banjo. Wasikilizaji waliandika namba tu, bila majina, kwa sababu macho yana marafiki na masikio hayana. Na kila mwaka masikio yalimchagua Lazare Ntakirutimana.

Lazare alikuwa Mrundi aliyelelewa kambi ya wakimbizi Kigoma, mfungashaji wa mizigo kwenye ghala la Wetherill Park. Banjo yake ilitokana na mbao za kreti zilizotupwa, na duara lake lilikuwa duara kwa kukadiria. Lakini ilipopigwa, watu waliacha kutafuna.

Wivu wa Elkana haukuwa wa makelele. Ulikuwa wivu wa adabu, ulionawa mikono, uliomsalimia Lazare kila Jumamosi na kumuuliza hali ya mgonjwa. Mgonjwa alikuwa Ikirezi, mke wa Lazare, ambaye hakuwa ametamka neno kwa miaka sita. Madaktari wanne walimpima na kuandika kwamba chanzo hakijabainika, kila mmoja kwa mwandiko wake.

Sasa, banjo ya mgongo wazi haina kifuniko nyuma. Mpigaji huiegemeza tumboni, na tumbo lake ndilo mlango. Mafundi husokomeza kitambaa kidogo ndani, chini ya ngozi, ili mlio usipige kelele za sufuria. Wengi hutumia soksi kuukuu. Lazare alitumia kipande cha kitenge kilichofungwa fundo moja. Elkana alikitazama miaka sita, mwishowe akafikia uamuzi ambao ni fundi peke yake angeweza kuufikia: si mti, si mkono, ni kitambaa. Jumamosi moja Lazare alipokwenda kuchemsha chai, Elkana alikichomoa, akaweka soksi mahali pake. Fundo lilikuwa na joto. Alijiambia ni la jua la dirishani.

Jioni ile, kitambaa kikiwa tumboni mwake, banjo ya Elkana ilitoa mlio wa chini, wa duara, kama mtu anayekuita kutoka chumba cha pili bila haraka. Elkana alilia kidogo, akajifuta kwa aproni.

Siku nne baadaye mkewe, Gakii, alikuwa jikoni akikaanga vitunguu na kuimba chini chini sehemu yake ya kwaya ya Jumapili. Sauti yake ilikatika katikati ya mstari. Mstari wenyewe haukukatika. Ulimalizikia sebuleni, ukutani, pale banjo ilipotundikwa. Gakii akatokea na mwiko mkononi.

"Ni wewe umeitikia?"

"Mimi? Niko hapa nasoma."

Alimtazama, akatazama ukuta, akarudi kwenye vitunguu. Nyumba ilinuka mbuzi aliyenyeshewa, na juu ya harufu hiyo udi, katika nyumba ya Wapresbiteri ambamo kitu pekee kilichowahi kufukizwa ni mkate ulioungua.

Wiki ya kwanza Gakii alipoteza sauti za juu. Wiki ya pili mwalimu wa kwaya alimwomba apumzike. Wiki ya tatu alikuwa ananong'ona, na binti yao Cherotich, ambaye huelewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza, akamlazimisha kwenda kwa daktari. Daktari akampa barua ya kwenda kwa daktari mwingine, na huyo akampa miadi ya miezi kumi na mmoja ijayo. Elkana alimletea asali. Banjo nayo ilizidi kuwa tamu kila siku. Je, alijua? Alijua kama mtu ajuavyo kwamba maziwa yameharibika na kwa sababu hiyo hayanusi.

Mchana mmoja wa mapumziko, jua likiwa limejaa chumba kizima wala hakuna kivuli cha kusingizia, aliishusha ukutani na kuiegemeza tumboni, akapiga nyuzi mbili tu, akahisi kupitia shati pumzi ya joto ikimgusa kitovu, ikitoka na kurudi, mwanzoni kwa kupishana na pumzi yake na kisha pamoja nayo, kama wanavyopumua watu waliolala kitanda kimoja miaka mingi, na alipotaka kuiondoa ikawa kama imeshikwa kwa ndani, na Gakii alipoingia na kikombe cha chai bila neno, kwa kuwa neno hakuwa nalo tena, uzi wa kwanza ulikatika wenyewe na kumchapa mkono, ukafuata wa pili, na kikombe kikamwagika, na ile pumzi tumboni mwa mumewe ikatulia kama mtu aliyeridhika. Gakii alitazama alama nyekundu mkononi mwake. Kisha akaitazama banjo, jinsi mwanamke anavyomtazama mwanamke.

Jumamosi ya ulinganishaji ikafika.

Banjo namba moja ilikuwa ya kijana wa chuo, ikapata makofi ya huruma. Namba mbili ilikuwa ya Lazare, nayo ililia kama debe. Watu waligeuziana shingo. Elkana aligeuka kuuona uso wa mshindani wake, uso aliokuwa ameungoja miaka sita, akakuta Lazare anatabasamu. Kando yake alikaa Ikirezi, akimnong'oneza kitu sikioni.

Akimnong'oneza.

Kisha Rufus akaanza namba tatu, na ukumbini hakuna aliyesikia banjo. Walisikia mwanamke akiimba sauti ya pili, sauti ya shaba yenye moshi kidogo, bila maneno. Kwenye safu ya tatu Gakii alishika koo lake. Midomo yake ilikuwa ikienda sambamba na pazia.

Lazare aliinuka, akamvuta Elkana hadi kwenye ujia, kando ya kizima moto.

"Kaka, kitambaa changu kiko kwako."

Elkana aliuliza kitambaa gani, kama watu wanavyouliza.

"Hiyo ni sauti ya mke wako inaimba mle. Ya banjo yangu ilikuwa ya mke wangu. Miaka sita mlipiga makofi, mlikuwa mnampigia Ikirezi."

Akaeleza kwa sauti ya chini. Ni jini la kike, mganga mmoja kambini alilifunga kwenye fundo. Halivumilii mwanamke mwingine aseme ndani ya nyumba linamokaa. Lazare aliambiwa akichome kitambaa, badala yake akakitia kwenye banjo.

"Na ulijua?"

"Nilijua mwaka wa kwanza. Lakini sifa ni tamu, kaka."

"Lilipoondoka kwako, mbona hukusema?"

Lazare alitazama sakafu. "Jumapili ile Ikirezi aliniomba chumvi. Nikampa. Sikutaka kujua limehamia kwa nani."

Kisha akamshika Elkana begani. Kilicholiwa na jini kabla mwenye banjo hajajua hurudi, alisema. Kinacholiwa mtu akishajua hakirudi. Ikirezi sasa anaongea, lakini hacheki. Hatacheka. "Kichome leo. Usiipige tena, hata uzi mmoja."

Elkana akaonyesha tangazo ukutani: marufuku ya moto, jimbo zima, faini yake imeandikwa kwa wino mzito. Hakuwa amewahi kuipenda serikali kiasi kile. Lazare alilisoma hadi mwisho, akasema majiko ya kuchomea nyama kule uwanjani ni ya umeme, na umeme umeruhusiwa.

"Nenda kailete," akasema. "Nakungoja mlangoni."

Rufus alikuwa amekwenda kunywa chai. Wasikilizaji walikuwa wakikusanya karatasi. Wangari aliona namba tatu, namba tatu, namba tatu. Elkana alipita nyuma ya pazia, akakawia kidogo.

Kitambaa walikichoma juu ya bati la jiko la manispaa. Kilinuka mbuzi na udi, na mtu mmoja aliyekuwa akigeuza soseji alisogea pembeni kwa adabu, bila kuuliza. Jioni hiyo Gakii alimgombeza Cherotich kwa sauti kamili kwa kuacha taa zikiwaka, na Jumapili alirudi safu ya mbele ya kwaya. Wangari alipopiga simu kuuliza sababu ya mshindi kujiondoa, Elkana alisema unyevu.

Kilichotokea ni hiki: nyuma ya pazia, akijua, Elkana aliipiga banjo ile mara moja tena, nayo ikamwita kwa jina lake, kwa sauti ya Gakii. Gakii anaongea, anaimba na anacheka, lakini jina la mumewe halimtoki kinywani. Akitaka kumwita, hupiga makofi.