Barua za Kwenda Gilgil

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, wakisharudi kanisani, Rahab aliketi kwenye kigoda mlangoni, akamwita binti yake.

"Mugure, lete kalamu. Tumpe baba yako habari za nyumbani."

Mugure alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alisoma darasa la nne katika shule ndogo ya udongo, kwenye shamba la Mzungu mmoja karibu na Njoro ambako mama yake alichuma maua ya pareto. Rahab hakujua kusoma wala kuandika. Gachanja, baba yake Mugure na mdogo wake Kahiga, alikuwa seremala katika shamba jingine huko Gilgil. Gilgil si mbali, lakini huo ulikuwa mwaka wa 1955, siku za Hali ya Hatari, na Mkikuyu hakuruhusiwa kuvuka mpaka wa shamba bila pasi. Gachanja alikuwa ameomba pasi mara tatu, na mara zote tatu amenyimwa. Barua tu ndizo zilizopita.

"Mwambie Mugure anateka maji kabla ya kwenda shule," Rahab alisema, macho yake yakiwa mbali kana kwamba anamwona mumewe. "Mwambie Kahiga siku hizi anafukuza kuku wa jirani na kuimba nyimbo za kanisa, maneno yote anakosea." Akacheka kidogo. "Lakini mwambie macho ya mtoto yamevimba tena. Asubuhi yameshikana kwa usaha. Muulize tufanye nini."

Kalamu ya Mugure ilisimama.

Barua ya mwisho ya baba alimsomea mama yake, lakini mstari mmoja aliuruka. Baba alikuwa ameandika: "Macho ya Kahiga yakisumbua tena, Mugure aache shule akae naye nyumbani. Asishinde kwenye moshi wa jirani." Kwa maana mama akiwa kwenye pareto, Kahiga alikaa kwa bibi mmoja mzee aliyepika kutwa nzima ndani ya nyumba isiyo na dirisha.

Kuacha shule! Katika kambi nzima ya wafanyakazi, wasichana waliosoma darasa la nne walikuwa wawili tu. Mugure aliinamisha kichwa, akaandika: "Watoto wote ni wazima."

"Umeandika?" mama aliuliza.

"Nimeandika, Mama."

Majibu yalipokuja, baba alimshukuru Mungu kwamba Kahiga hana neno. Rahab alisogea karibu. "Anasema nini kuhusu macho?"

Mugure aliikazia macho karatasi. "Anasema... anasema umwoshe kwa maji ya chumvi."

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Jioni hiyo hiyo Rahab alikoroga chumvi kwenye bakuli, akambana Kahiga katikati ya magoti. Mtoto alipiga mayowe, akarusha miguu.

"Vumilia, baba," mama alimbembeleza. "Ni baba yako amesema."

Mugure alitoka nje, akaziba masikio. Tangu siku hiyo kila jioni ilikuwa vivyo hivyo. Angemwambia mama aache, mama angeuliza kwa nini, na jibu la swali hilo lingefichua barua zote. Angemwandikia baba ukweli, baba angeuliza mbona alificha. Darasani Mwalimu Kiplangat alimwita ubaoni, naye akasimama akiishika chaki bila kuona hesabu iliyo mbele yake. Shule yenyewe aliyodanganya kwa ajili yake haikumwingia tena kichwani.

Mwezi uliofuata aliandika tena kwamba wote ni wazima.

Kisha dereva wa lori la maziwa akaleta kifurushi kutoka Gilgil. Ndani yake mlikuwa na kigari cha mbao chenye magurudumu manne, kimepakwa rangi nyekundu. Mugure alikiweka chini mbele ya ndugu yake.

"Kahiga, tazama alichokutengenezea baba!"

Kahiga alitabasamu. Alinyoosha mkono, lakini mkono ukagusa udongo. Akapapasa kushoto, akapapasa kulia.

"Kiko wapi?" aliuliza. "Mugure, kiko wapi?"

Mugure aliushika ule mkono mdogo, akauweka juu ya kigari. Kisha akainuka na kukimbia hadi shamba la pareto, akipita katikati ya mistari huku wanawake wakimgombeza kwa kukanyaga maua.

"Mama," alisema akihema, "baba hajui."

"Hajui nini?"

"Hajui kwamba Kahiga anaumwa. Sikuandika. Na yale maji ya chumvi... nilitunga mimi. Baba alisema macho yakirudi niache shule."

Kikapu kilimponyoka Rahab. Hakumpiga. Alimtazama kwa muda mrefu, na Mugure akatamani heri angepigwa.

"Kwa hiyo miezi miwili yote," mama alisema polepole, "nilikuwa siongei na mtu."

Alimshika mkono, wakaenda moja kwa moja kwa nyapara, Mzee Karanja. Hapo Mugure alitakiwa kuyasema yote tena, mbele ya mtu mzima asiye wa nyumbani. Mzee Karanja alikwenda kumwomba bwana shamba barua ya ruhusa, na asubuhi iliyofuata Rahab na Kahiga wakapanda lori la maziwa kwenda hospitali ya Nakuru.

Walirudi baada ya siku tisa. Kahiga alishuka mwenyewe na kumkimbilia dada yake bila kujikwaa. Jicho la kulia lilikuwa limepona. La kushoto lilibaki na doa jeupe. "Daktari amesema doa hilo halitatoka," Rahab alieleza. "Tungekaa wiki mbili zaidi, angepoteza yote mawili."

Jumapili hiyo Mugure aliandika kila neno alilotajiwa, hata yale yaliyomchoma. Majibu yalipofika, mama hakumpa yeye. Aliipeleka barua kwa Mwalimu Kiplangat, naye akaisoma kwa sauti Mugure akiwa amesimama kando. Gachanja alikuwa na uchungu, wala hakuuficha. Lakini mwishoni aliandika: "Nilisema aache shule kwa sababu sikuona njia nyingine. Mngeniambia, tungetafuta pamoja. Mwombeni mwalimu ushauri."

Mwalimu aliikunja barua. "Mke wangu yuko nyumbani na watoto wetu, na jiko letu liko nje. Kahiga ashinde kwetu."

Mugure alilia bila kujificha.

"Sikia, mwanangu," Rahab alimwambia. "Kutaka kusoma si kosa. Lakini asiyejua kusoma amekukabidhi macho yake na mdomo wake. Ukimdanganya, humfichi neno moja tu, unamfungia mlango naye hajui umefungwa. Barua mbili zijazo atasoma mwalimu. Baada ya hapo, tutaona."

"Ndiyo, Mama," Mugure alisema. Akamshika Kahiga mkono, wakaenda kuteka maji.