Mwenye Jiko la Mihayo

Zama zile pembe za ndovu zilipokuwa zikitoka bara kwenda pwani mabegani mwa watu, ilikuwako Unyamwezini nchi ndogo ya Ugalanga, na kirangozi wake mkuu, mwongoza misafara, akiitwa Mihayo mwana wa Ngasa. Akitangulia msafara, ngozi ya mbega mgongoni na njuga miguuni, sauti yake ilisikika hadi mkiani. Basi siku boma liliposhambuliwa na ruga-ruga, wale wapiganaji wanyang'anyi, Mihayo alilishika lango peke yake mpaka rungu likamtua utosini. Boma likaokoka, yeye akaanguka kama gogo.

Hakufa. Lakini alipofumbua macho, loo! mkono wa kuume haukumtii, na maneno yalikuwa yamempotea. Akitaka maji husema "shoka". Akitaka moto husema "shoka". Kisha hulia kwa hasira. Mkewe, Nyamizi, hakukata tamaa hata kidogo. Alimfundisha upya kushika kata, kujifunga shuka, kutembea kutoka kitandani hadi uani. Akimwaga uji, humtilia mwingine. Masika yalipokwisha, Mihayo alikuwa akipalilia mtama kwa mkono wa kushoto, na wapita njia wakisimama kumtazama, maana walikwisha mhesabu miongoni mwa wafu.

Ila ulimi ulibaki umefungwa, na Ugalanga ilikuwa na sheria kali. Aliyepigwa kichwa vitani, mtama ukishavunwa, husimamishwa mbele ya mtemi ataje jina lake na jina la mwenye jiko lake, yaani mkewe. Akishindwa, huliliwa kama maiti, nyumba yake huvunjwa, na mke hurudishwa kwa nduguze. Siku ilipowadia, kaka zake Nyamizi walikuwa wamekwisha fika.

Mtemi akaketi kigodani, ngozi ya simba chini ya miguu yake. "Wewe u nani?" akauliza.

"Shoka," akajibu Mihayo.

Watu wakainamisha nyuso. Mtemi akauliza tena kwa upole, na jibu likawa lile lile. Jasho lilimchuruzika maskini wa Mungu.

Hapo akapenya Kondo, Mzaramo aliyekuja na msafara asubuhi ile, mwenzake Mihayo wa safari nyingi. Nanyi mwajua, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Hata msibani hawaachiani.

"Jamani, hiki nini?" Kondo akapaza sauti. "Si niliwaambia mbebe mizigo kichwani kama watu? Mwabeba begani, vichwa vinabaki laini kama mayai! Haya, nipeni jembe nimfukie!"

Walinzi wakashika mikuki yao. Mihayo akamkazia macho Kondo, na mdomo ukafunguka.

"Kichwa chako wewe, mla kaa wa pwani! Nani alimlilia mama yake kule nyika ya Mgunda Mkali? Nani alikubeba begani? Mimi! Mimi Mihayo wa Ngasa!"

Baraza zima likapigwa na bumbuwazi. Mtemi mwenyewe akainuka kigodani, jambo ambalo hakuna aliyepata kuliona. Kondo machozi yalimbubujika mbele za watu.

"Ametaja lake," akasema kaka mkubwa wa Nyamizi. "La mwenye jiko bado."

Mihayo akamgeukia mkewe. Midomo ikacheza, ikacheza, likatoka neno lile lile: "Shoka."

"Shemeji," Kondo akanong'ona, "adabu ndiyo inayomziba, matusi humfungua. Mtukane!"

Mtukane! Mke wa Ugalanga hamtukani mumewe hata chumbani, sembuse mbele ya mtemi. Nyamizi aliwatazama kaka zake, akamtazama mumewe, kisha akasimama, mikono kiunoni.

"We mzembe!" akafoka. "Masika na kiangazi nakulisha, nakuosha, nakuvisha! Mimi nani kwako? Punda?"

"Punda?" Mihayo akang'aka, mishipa imemsimama shingoni. "Nani kakuita punda? Wewe Nyamizi!"

Vigelegele vilivyolipuka hapo viliwatisha ng'ombe zizini, na kaka zake Nyamizi wakaokota fimbo zao, wakashika njia ya kwao. Nyamizi akaketi mavumbini akilia kwa sauti. Mihayo akachutama mbele yake, akaliita jina lile tena, polepole, wala safari hii hakuna aliyemchokoza.