Mama Sindano na Hita Iliyojaribiwa Tupu

Nianze kwa kukiri kosa langu, msije mkadhani haya nimezaliwa nayo. Zamani nilifungua hita ya maji bafuni kwangu baada ya kuzima kiswichi cha ukutani tu. Nikasema, "Taa yake imezimika, basi umeme hakuna." Umeme ukanitupa hadi kwenye beseni la nguo chafu. Nilipona kwa bahati, si kwa akili. Mke wangu alinikuta na soksi kichwani, akauliza kama ndiyo kofia mpya.

Sasa niwasimulie habari za mwenzangu. Ya kwake yalianza na wivu.

Alikuwa mshona nguo. Mtaani walimwita Mama Sindano, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya ulimi wake pia. Cherehani yake ilikaa dirishani. Kutoka pale aliona nani kapita, kavaa nini, na mshono gani umekwenda upande. Mumewe alikuwa mwoka mikate. Alitoka alfajiri, akarudi mchana na unga mpaka kwenye nyusi. Mama mkwe aliishi nao. Magoti yalimsumbua, na nafuu yake ilikuwa kuoga maji ya moto kila asubuhi.

Asubuhi moja mama mkwe alifungua bomba. Maji yakatoka baridi kama yametoka kisimani.

"Mwanangu!" akapiga kelele. "Mnataka kunizika mapema?"

Kwa siku tatu Mama Sindano alichemsha maji jikoni na kubeba ndoo. Siku ya nne mumewe akasema, "Nitamwita jirani yetu, yule fundi wa umeme. Yule dada ana mikono, bwana! Kila anachogusa kinapona."

Cherehani ikasimama.

"Kila anachogusa?"

"Kila kitu."

"Na mkate wako aliugusa lini?"

Mwoka mikate akacheka. Hakujua kwamba hapo hapachekwi. Akaenda mbele ya kioo, akachana nywele, akatoka.

Mama Sindano akamfuata kwa macho. Mume huyu hachani nywele hata akienda harusini! Akamwona amesimama mlangoni kwa fundi. Akamwona fundi anacheka, mikono kiunoni, ovaroli ya bluu imemkaa sawasawa. Aliitafutia kasoro ovaroli ile, hakupata. Kijiba cha roho kikamkaba.

Mume aliporudi, alikuta hukumu imeshatolewa.

"Fundi wako hatakanyaga bafuni kwangu. Hita nitaitengeneza mwenyewe."

"Wewe?"

"Kwani yule alizaliwa na bisibisi mkononi?"

Kesho yake, mume alipokuwa kazini, Mama Sindano alizima kiswichi cha ukutani, kama mimi mjinga mwenzake. Bahati yake ilizidi yangu. Akafunga maji yanayoingia, akamwaga yaliyomo kwenye tangi. Akafungua kifuniko cha chini, akaitoa koili, yaani kile chuma kilichopinda kinachopasha maji. Ilikuwa imepasuka, imejaa magamba meupe. Akaipeleka dukani, akapewa mpya ya aina ile ile. Akaifunga vizuri. Mikono ya mshona nguo haina papara.

Sasa, mshona nguo akimaliza kutengeneza cherehani, huijaribu kwanza tupu. Hatii kitambaa. Anaiendesha, anasikiliza. Ikienda sawa, ndipo kitambaa kinakuja. Mama Sindano akafanya vivyo hivyo. Tangi halina hata tone, akawasha.

"Hebu nikusikilize," akaiambia hita.

Hita haikukawia kujibu. Ilisema paa! Harufu ya kuungua ikajaa bafuni.

Mama mkwe akatokea mlangoni, taulo begani. "Mwanangu, mimi nilitaka maji ya moto. Moshi sikuagiza."

Mama Sindano akazima, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Machozi yakamtoka.

"Unalilia koili, au unamlilia jirani?"

Mama Sindano akafuta pua kwa upindo wa kanga.

"Haya. Magoti yangu hayajui wivu. Namwita."

Fundi akaja na mfuko wake. Hakucheka. Alinusa tu.

"Uliwasha kabla ya kujaza maji?"

"Niliijaribu tupu. Kama cherehani."

"Aa, dada! Koili inapozwa na maji. Bila maji inajiunguza yenyewe, tena upesi."

"Sema tu mimi mjinga."

"Basi tuko wawili. Ya kwanza kuiunguza mimi ilikuwa ya mama yangu mzazi. Alioga maji baridi mwezi mzima, huku ananitazama."

Mama Sindano akataka kucheka, akajizuia. Kijiba kilikuwa bado kipo. "Mume wangu alikuja kwako. Alichana nywele."

Fundi akakuna kichwa. "Aliniomba siri, lakini acha niseme, nisije nikadungwa sindano. Alitaka nimfundishe kutengeneza hita. Alisema, 'Mke wangu anashona nguo, watu wanazivaa miaka. Wewe unatengeneza vitu, vinadumu. Kazi yangu mimi inaliwa kabla jua halijazama. Nina wivu na ninyi.' Ndipo nikacheka."

"Na nywele?"

"Alichana kwa nje tu, dada. Unga ulikuwa wote ndani."

Mama Sindano akafuta macho. Akafikiri kidogo.

"Basi nifundishe mimi. Kabla yake."

"Nitasema tu. Atakayefanya ni wewe."

Akakimbia dukani kununua koili nyingine na mpira mpya wa kuzuia kuvuja. Aliporudi, fundi akauliza, "Umeme unazimwa wapi?"

"Hapo ukutani."

"Hapana. Kiswichi hiki kinaweza kukata waya mmoja tu, tena pengine si ule wenye umeme. Zima swichi kuu ya nyumba. Na uwaambie wa nyumbani wasiiguse."

"Nani ataigusa?" akasema mama mkwe. "Mimi nailinda kwa fimbo."

"Subiri kwanza, dada. Chomeka hii testa, bisibisi ya kupimia umeme, kwenye soketi yenye umeme. Imewaka? Nzuri, ni nzima. Sasa kazime, halafu ipime hita. Testa mbovu nayo haiwaki. Ukiiamini, utaondoka nayo duniani."

Mama Sindano akavaa viatu vya mpira, akakausha mikono. Akazima, akafungua kifuniko, akapima. Testa haikuwaka. Akatoa koili iliyoungua, akakomba magamba ndani ya tangi, akaweka mpira na koili, akarudisha kila waya mahali pake, hata ule wa ardhini.

"Sasa?"

"Sasa najaza."

"Umejua! Fungua na bomba la maji ya moto pale, hewa itoke."

Bomba likakohoa, likatema mate, kisha maji yakatoka mfululizo.

"Niwashe?"

"Yanavuja?"

Akapitisha kitambaa kikavu. Kikatoka kikavu. Akafunga kifuniko. Ndipo akaenda kuwasha swichi kuu, kisha kiswichi cha ukutani.

"Na siku ukikuta tangi lenyewe linavuja, au waya umeungua," akasema fundi, "usiguse. Niite mimi, au fundi mwingine anayejua kazi."

"Nitakuita wewe," akasema Mama Sindano. "Lakini mimi ndiye nitakayekuita. Si yeye."

Baada ya saa moja mama mkwe aliingia bafuni. Alitoka akiimba, na fimbo ameisahau ndani.

Mtaa ukasikia. Wiki ya pili fundi akaanza kumchukua Mama Sindano kazini, siku ambazo nguo ni chache. Mchana mmoja mwoka mikate alirudi, akaingia kuoga. Maji yakamshukia ya moto, unga ukatiririka. Akachungulia dirishani, akawaona wanawake wawili wanavuka barabara na mifuko ya vifaa, wanacheka. Mkewe alikuwa ndani ya ovaroli ya bluu aliyojishonea mwenyewe. Ilimkaa vizuri kuliko ya fundi.

Akafungua dirisha, povu kichwani.

"Mke wangu! Kesho mnichukue na mimi, jamani! Hata bisibisi nitabeba!"

Barabarani hakuna aliyegeuka.